Chumba Kimoja, Bima Mbili

Nasikia kiti changu kimeshawekewa printa. Sawa. Printa haiombi ruhusa ya kwenda msibani na haimwambii meneja ukweli. Lakini kabla hamjamaliza kunisahau, nyie mliobaki kaunta pale juu ya duka la matairi, nawaachia haya machache ya kazi yetu ya bima za safari. Nimechagua aina moja tu ya wateja, wale wanaotutoa jasho kuliko wote: marafiki wawili wanaopanda ngazi wakicheka, wanakwenda kulala chumba kimoja kwenye meli ya starehe, na wanataka karatasi leoleo. Msitafute humu nani alipandishwa cheo. Mimi sikupandishwa, na waliopandishwa mnawajua kwa viti vyao. Ombeni, meneja wenu, najua utaisoma hii. Isome taratibu. Ndiyo shida yako ya siku zote, kusoma mbiombio.

Mimi ni darasa la saba, na hesabu nilifeli. Nilianza kazi nikiwa mpagazi, nabeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Huko ndiko nilikokutana na bima mara ya kwanza, nayo ilikuwa angani. Mgeni mmoja aliamka anaumwa kichwa, akasema, na kabla chai haijapoa helikopta ikaja kumchukua. Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma tangu jana yake, na vidole vya mguu wa kushoto nilikuwa sivisikii kabisa. Sikusema. Kiongozi wetu aliitwa Godlisten. Namtaja kwa sababu bado yupo, na bado anashikana mikono na watu nje ya kanisa kama vile hakuna kitu. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: mpagazi akisema naumwa, safari inayofuata jina lake halimo. Kwa hiyo kambi nzima tulikuwa wazima wa afya. Mgeni alikuwa na bima, mimi nilikuwa na kofia. Nilishushwa kwa machela ya gurudumu moja, na vidole viwili nikaviacha hospitali.

Nilipoanza kutembea nilikwenda ofisi hii yetu ya bima nikiwa na ndala mguu mmoja na bandeji mguu wa pili, nikaulizia bima yangu. Kaunta alikaa Mama Eliamani, Mmeru mnene mwenye sauti ndogo, akafungua faili la kampuni iliyotupeleka mlimani, akalipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Haumo, baba," akasema. "Waliokatiwa bima ni wageni na mahema."

"Mahema?"

"Na mahema. Na jiko."

Nadhani uso wangu ulimtia huruma zaidi kuliko mguu. Akanisukumia fomu. "Unajua kusoma?"

"Taratibu."

"Nisomee."

Nikasoma kwa kuweka kidole, neno moja moja, mpaka mstari wa mwisho wa yale maandishi madogo ya chini. Ilichukua muda mrefu. Mteja mmoja aliingia, akakata tamaa, akatoka. Nilipomaliza Mama Eliamani akasema, "Soma hivyohivyo siku zote. Wasomi wanaruka." Kesho yake nikaanza kazi ya kufungua mlango na kupeleka barua. Baada ya miaka nikawa nimekaa kaunta, na sikuwahi kuacha kidole changu.

Mengine aliyonifundisha ni haya. Kalamu ifungwe uzi kwenye meza, maana wateja wa bima wanaogopa wizi na hapohapo wanaiba kalamu. Muhuri usikae karibu na chai. Na mbele ya kaunta kiwepo kiti kimoja tu. Benchi liko nje, barazani, linaangalia mlima Meru, na anayesubiri asubiri huko. "Anayeulizwa afya yake anakaa peke yake," alikuwa anasema. "Hata awe amekuja na mume wake. Hasa awe amekuja na mume wake." Nilidhani ni ubishi wa mwanamke wa makamo. Nilikuja kuuelewa ubishi ule kiti kilipoondolewa.

Maana Mama Eliamani alistaafu, na mwenye ofisi akamleta Ombeni, mtoto wa dada yake. Ombeni alikuja na cheti, kompyuta na manukato. Wiki ya kwanza aligawa benchi letu kwa fundi viatu wa chini, kiti akakipeleka stoo, akaleta kochi jekundu la watu wawili.

"Mteja ajisikie yuko nyumbani," akasema.

Nikamwambia nyumbani ndiko watu wanakofichana mambo.

"Mzee, huo ni ushamba."

Basi kochi likabaki. Na lile kochi lilikuwa bovu katikati. Wakikaa wawili linawaegemeza mmoja kwa mwenzake, utafikiri wanapigwa picha ya harusi.

Sasa tuje kwenye vyumba vya meli. Wa kwanza kunifundisha walikuwa walimu wawili wastaafu kutoka Tengeru, waliokuwa wanakwenda kupanda meli Afrika Kusini. Walifanya kosa la watu wa kwetu: kila mmoja ana mpwa wake anayeuza bima, na hakuna anayetaka kumnyima mpwa wake. Mmoja akakata kwa mpwa wake wa mjini, mwingine kwa mpwa wake wa Moshi. Chumba kimoja, kampuni mbili, na hakuna karatasi iliyojua kwamba kuna karatasi nyingine. Siku chache kabla ya safari mmoja akateguka nyonga bafuni. Bima yake ikamtibu. Yule mzima akaambiwa na watu wa meli kwamba chumba kiliuzwa kwa watu wawili, kwa hiyo kama anakuja peke yake alipie na kitanda kitupu. Akakimbilia bima yake. Bima yake ikamuuliza: huyo mwenye nyonga ni nani kwako? Hakuandikwa popote. Walikuja ofisini kwetu kuomba ushauri wakiwa hawasalimiani, watu waliofundisha shule moja maisha yao yote, na kochi la Ombeni likawaegemeza vilevile.

Tangu siku hiyo nikawa nasema kwa kila wawili wanaoingia: kateni sehemu moja, lakini kila mtu na cheti chake, na kila cheti kimtaje mwenzake kama msafiri mwenza. Someni kama inalipia kitanda kitupu mmoja akishindwa kwenda. Someni kama inamlipia mzima abaki na mgonjwa nchi kavu, maana meli haisubiri mtu. Someni kama inalipa daktari wa melini, na kama inalipa kukutoa melini ukizidiwa. Wengi hawasomi. Wanakata bima kwa sababu ubalozi umesema bila bima hakuna viza. Wanainunulia viza, si mwili.

Mama Ndeshi na Mama Glory walikuja asubuhi moja ya baridi, ya yale mawingu yanayoshuka kutoka Meru na kukaa juu ya mji kama hayana kwao. Wachaga wote wawili, wamepita miaka sitini kidogo. Mama Ndeshi anauza vitenge mjini. Mama Glory ana ghala la maharage na mahindi Kwa Mrombo. Binti wa Mama Ndeshi anafanya kazi Ulaya, na alikuwa amemlipia mama yake chumba cha watu wawili kwenye meli inayotoka Italia kuzunguka visiwa vya Ugiriki. Akamwambia achague wa kwenda naye. Mama Ndeshi hakuwauliza hata dada zake.

"Shikamooni, mama zangu," nikasema.

"Marahaba," akajibu Mama Ndeshi. "Ila na wewe ukituamkia unatuzeesha. Mvi zako na zangu zimeota mvua moja."

Wakakaa kwenye kochi, likawaegemeza. Mama Ndeshi akatoa hati za kusafiria mbili zilizofungwa kwa mpira wa nywele. "Tunataka bima moja. Chumba kimoja, bima moja."

"Mama, chumba hakiumwi," nikamwambia. "Wanaoumwa ni walalaji." Nikawaeleza habari ya vyeti viwili na msafiri mwenza. Wakanielewa upesi. Watu wa biashara hawana shida, wanajua kitanda kitupu ni mzigo uliooza.

Nikaanza maswali ya afya. Mama Ndeshi akajibu yote hapana, hapana, hapana, kama mtu anayefukuza kuku. Nikafika kwa Mama Glory. Unatumia dawa yoyote ya kila siku?

"Mzima kabisa," akasema. Lakini hakuniangalia mimi. Alimwangalia mwenzake.

"Huyu alikuwa na sukari," akadakia Mama Ndeshi kwa furaha. "Sukari mbaya. Tukamwombea kwenye jumuiya yetu pale Sombetini, mimi mwenyewe nikafunga siku tatu. Jumapili akasimama mbele ya watu akashuhudia kwamba amepona. Watu walilia. Mpaka mwinjilisti alilia, na yule halii ovyo."

"Nimepona," akasema Mama Glory, akiliangalia zulia.

Mimi si daktari wala si mchungaji, na sina ubishi na maombi ya mtu. Ila nimekaa kaunta miaka mingi. Mtu aliyepona anakutazama machoni. Tena chai niliyowamiminia Mama Ndeshi alitia sukari vijiko vitatu, Mama Glory akakoroga kikombe kitupu, kling kling, hakuna kilichoingia. Nikachukua zile hati.

"Mama Ndeshi, nisaidie kopi pale stesheneri ng'ambo ya barabara. Kurasa zote."

"Hata ambazo hazina kitu?"

"Hasa hizo."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mpumbavu wa serikali, akaenda. Hiyo ndiyo mbinu yangu tangu benchi liondoke, na ninawaachia bure. Kurasa tupu za hati mbili, na foleni ya pale, zinakupa robo saa.

Tukabaki wawili. Sikumuuliza tena. Nilivua kiatu cha kushoto, na soksi.

Mama Glory akaangalia mguu wangu muda mrefu. "Vidole umeviacha wapi?"

"Mlimani. Niliulizwa kama naumwa, na aliyeniuliza ndiye aliyekuwa anapanga nani arudi kazini. Nikasema mzima kabisa. Nilisema kama ulivyosema wewe sasa hivi."

"Vaa kiatu, baba. Wateja wataingia."

Nikavaa. Akawa anazungusha pete. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia, "Nilipona. Nisikilize vizuri, sikudanganya. Siku ile nilipona kweli. Nilikaa wiki mbili bila dawa, mwili mwepesi. Wiki ya tatu nikaanguka ghalani. Vijana wakadhani nimelala."

"Na dawa?"

"Nilirudi kwenye dawa. Ziko kwenye kopo la magadi. Mgeni hachungulii kopo la magadi."

"Na Mama Ndeshi hajui."

"Atajuaje? Alifunga siku tatu, kaka. Ana vidonda vya tumbo na alifunga. Nimwambie nini, kwamba ilikuwa bure?"

Hapo mikono yangu ikasimama. Vidonda vya tumbo navyo havikuwa kwenye fomu. Lakini jambo moja kwa wakati.

"Mama," nikamwambia, "usipoandika, ukianguka baharini watauliza hospitali yako ya hapa. Wakikuta kadi ya kliniki ya sukari, bima inakuwa karatasi ya kufungia vitumbua. Daktari wa melini utamlipa wewe. Kukutoa melini utalipa wewe. Utauza ghala."

"Nikiandika, cheti kitasema?"

"Kitasema."

"Na kila kitu tumeweka kwenye mkoba mmoja."

Akashika kalamu, uzi ukavutika. Akaiweka. Akaishika tena. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwa penseli pembeni mwa fomu yake, kisukari, ndiyo, nangoja tu aseme neno aweke sahihi. Mlango wa ngazi ukafunguka, Mama Ndeshi akaingia na bunda la kopi. Na wakati huohuo mlango wa ndani ukafunguka akatoka Ombeni na simu sikioni. Nyie mliokuwepo mnakumbuka. Akachukua fomu kaunta bila hata kusema samahani, akaiangalia kwa nusu sekunde, kisha kwa ile sauti yake ya kutangaza mnada akauliza:

"Nani hapa mwenye kisukari?"

Mama Glory alikuwa mweupe kama mtu aliyetoka kusaga unga. Nikanyoosha mkono niichukue fomu.

"Mimi," akasema Mama Ndeshi.

Ombeni akamtazama. "Jina?"

Akamtajia majina yake matatu, wazi, kama mtoto wa kipaimara. Ombeni akaitupa fomu kaunta, akarudi ndani, na nikasikia vidole vyake vinagonga kompyuta.

Mama Ndeshi akaweka kopi mezani, akaketi kwenye kochi, likamwegemeza kwa mwenzake. Hakumwangalia. Alikuwa anaangalia kalenda.

Sasa mnaona nilipokuwa. Katika maisha yangu yote ya kaunta watu wameficha ugonjwa. Hakuna aliyewahi kuomba wa mwenzake. Na lilikuwa jambo zuri, nasema kweli, nilitaka kulia. Lakini bima haijui mambo mazuri. Wangepanda meli, mgonjwa kaandikwa mzima na mzima kaandikwa mgonjwa, na yule mwenye kopo la magadi angekwenda baharini bila kinga yoyote. Ilibidi niharibu jambo zuri, na sikuwa na muda.

Nikachukua fomu mpya. "Haya, Mama Ndeshi. Sukari yako ilianza lini?"

"Sasa hivi."

"Lini?"

"Andika mwaka jana."

"Unatumia dawa gani?"

"Zile nyeupe."

"Unameza mara ngapi kwa siku?"

"Nikikumbuka."

Mama Glory akajisogeza kwenye kochi. Nikaona shingo yake inaanza kupanda.

"Kabla ya chakula au na chakula?"

"Inategemea. Kama ni mtori, kabla. Kama ni wali, nangoja ushuke."

"Na ukizidiwa unafanyaje?"

"Nakunywa soda kubwa nalala."

"Mara mbili!" Mama Glory alisimama mpaka kochi likalia. "Asubuhi na jioni, na chakula! Na ukizidiwa unapimwa kwanza, hunywi ovyo, ukinywa soda na imepanda unakufa! Mtori! Mtori una uhusiano gani na dawa? Kama umeamua kuugua kwa niaba yangu, ugua vizuri basi!"

Chini tukasikia fundi wa matairi anapiga rimu.

Mama Ndeshi akasema taratibu, bado anaangalia kalenda, "Kumbe mara mbili. Mimi nilikuona mara moja tu."

"Uliniona wapi?"

"Usa River, kwenye semina ya kina mama. Tulilala chumba kimoja. Uligeukia ukutani ukameza. Nikajifanya nakoroma."

"Huwa unakoroma kweli."

"Siku ile nilijifanya."

Mama Glory akakaa. "Na hukusema."

"Niseme nini? Ushuhuda ulikuwa wako."

"Na maombi yako?"

"Maombi yangu hayana tatizo lolote," akasema Mama Ndeshi, na sasa ndiyo akamgeukia. "Wewe ndiye uliyewahi kusimama. Mtu anapona wiki moja, tayari ameshika kipaza sauti. Ungengoja hata mwezi."

Mama Glory akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akavuta kalamu na uzi wake, akaweka sahihi pale nilipoandika kwa penseli, na akanitajia jina la dawa, kipimo chake na kliniki yake, vyote bila kusita. Nikamgeukia Mama Ndeshi nikamuuliza habari za vidonda vya tumbo. Akamtazama mwenzake kwa jicho baya sana.

"Mdomo huo," akasema. Lakini akaandika.

Wakaleta barua za daktari, bei ikapanda kidogo, hawakulalamika. Nikadhani yameisha. Hayakwisha, kwa sababu ya mtu niliyemwambia asome taratibu.

Vyeti vilitoka Alhamisi, na wao wanaondoka Jumamosi. Ombeni alivitupa mezani kwangu vikiwa tayari na muhuri. Nikaweka kidole, neno kwa neno. Cha Mama Ndeshi: kisukari, kimetajwa, kimekubaliwa. Cha Mama Glory: hakuna ugonjwa wowote. Vidonda vya tumbo havipo popote. Fomu zile mbili nilizompa Ombeni kwa mkono wangu zilikuwa zimekaa chini ya kikombe chake, hazijafunguliwa. Alikuwa amepeleka makao makuu kile alichosikia siku ile mlangoni.

Nikaingia ndani nikamwambia.

"Mzee, unasoma kama unachimba mtaro," akasema. "Watu wenyewe chumba kimoja. Wanajuana. Likitokea la kutokea, watabadilishana."

Namwandika hapa kwa maneno yake. Watabadilishana.

"Watabadilishana nini? Damu?"

"Kurekebisha sasa hivi ni kuonekana ofisi ina makosa."

"Ofisi ina kosa moja. Limevaa tai."

Hakunisemesha tena hadi nilipostaafu, na ilikuwa pumziko zuri. Nilikwenda stoo, nikatoa kiti cha Mama Eliamani, nikakikalia karibu na simu ya mezani, nikawapigia makao makuu Dar es Salaam. Walinihamisha kwa watu wanne. Kila mmoja nilimsomea fomu zote mbili tangu mwanzo, kwa kasi yangu. Wa nne aliniuliza kama naweza kuruka baadhi ya vipengele. Nikamwambia siruki. Ijumaa mchana vyeti vipya vikaja, na Mama Ndeshi na Mama Glory wakapanda kuvichukua. Nikawaambia wakae wanisomee. Walisoma kwa sauti, kila mmoja chake. Mama Glory alipofika kwenye kisukari chake alikisoma kama mengine yote, hakushusha sauti.

Baada ya hapo nilikaa kama mzazi mwenye mtoto kwenye mtihani. Kila simu ikilia nawahi kuidaka. Sikumwambia mtu, maana mngenicheka. Sasa nimeondoka, chekeni.

Siku ya tisa, asubuhi, kaunta imejaa watu, simu yangu ikaleta ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama Ndeshi. Nilikuwa na miwani mkononi na vidole vinene, nikaubonyeza ukatoka kwa sauti kubwa, mkausikia wote, hata Ombeni aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Kaka yangu, Bwana asifiwe. Tuko hospitali, usiogope, tuko sawa. Mwenzangu alichafukwa na bahari usiku kucha, hakula, sukari ikashuka, akazimia asubuhi kwenye foleni ya mayai. Yule daktari wa melini akauliza karatasi. Nikampa. Akasoma, akapiga ile namba, wakasoma na wao huko, wakasema yumo, na dawa zake zimo, haya ateremshwe. Wametushusha kwenye kisiwa. Mimi wamenipa hoteli ng'ambo ya hospitali, bima yangu inalipa, wanasema kwa sababu jina lake limo kwenye karatasi yangu. Sasa hivi nimekaa naye. Ameamka, ameshaanza kugombana na manesi kwa Kichaga. Hapa dirishani bahari inaonekana. Ile meli hiyooo inaondoka, na chumba chetu kiko humo, nimeacha na kandambili zangu. Huyu anaipungia mkono. Nimemwambia acha kupunga, wewe, utachomoa dripu."